Kupima na kuchora baa ya zamani kabla mwenyewe hajaleta nyundo

Kama unakaa Nairobi na unapenda nyumba za zamani, iko siku utasikia baa fulani huko tao inafungwa wiki ijayo "kufanyiwa marekebisho kidogo". Hiyo kidogo tunaijua. Dari ya mbao inashushwa, kaunta inakatwakatwa inakuwa kuni, ukuta wa mawe unapigwa plasta ya simiti na rangi ya kijivu, televisheni tatu za mpira zinaangikwa, na ikifika Disemba hakuna mtu anakumbuka kulikuwa aje. Kuzuia huwezi, nyumba si ya mamako. Lakini unaweza kuingia na futikamba na penseli ukaichora yote kwa siku moja na nusu, na hiyo ndiyo nataka kuwaonyesha hapa, venye mimi hufanya, pamoja na penye nilichoma.

Na sisemi zile hoteli kubwa. Norfolk ilifunguliwa Krismasi ya 1904 na tangu hapo imepigwa picha kuliko bibi harusi, hiyo haikuhitaji. Nasema ile baa ya orofa moja ya kupanda, ngazi nyembamba, chini kuna duka la simu, juu kuna mtu anauza nyama choma, yenye ukiuliza ilijengwa lini kila mtu anakwambia "ni ya kitambo".

Kwanza ruhusa. Tafuta mwenye nyumba, si mwenye baa peke yake, maana mara nyingi ni watu wawili na hawasemezani juu ya kodi. Andika barua ya karatasi moja, useme utapima nini, siku gani, na kwamba utamwachia nakala bure. Hilo neno turathi liweke kando siku ya kwanza, ukilitaja mtu anaona ploti yake ikichukuliwa na serikali kesho asubuhi. Ukweli ni kwamba jengo halianzi kulindwa kwa sababu wewe umelipima. Kwa sheria yetu ya makavazi na urithi ya 2006 lazima waziri alitangaze kwenye gazeti rasmi la serikali, ndio watu husema jengo limegazetiwa, kama ile ofisi ya zamani ya PC, mkuu wa mkoa, ya 1913 pale Kenyatta Avenue inakutana na Uhuru Highway, yenye siku hizi ni Nairobi Gallery. Kama baa yako iko ndani ya jengo lililogazetiwa tayari, pitia kwa watu wa makavazi kwanza na usikwangue hata rangi bila wao. Nakala ya barua kaa nayo mfukoni, kwa sababu ukisimama tao na kuelekeza kamera kwa jengo dakika mbili soja wa benki ya jirani atakuja kukuuliza wewe ni nani.

Saa za kwenda ni asubuhi. Tangu sheria ya pombe ya 2010, ile watu huita ya Mututho, jina la mbunge aliyeileta, baa inafaa kufunguliwa saa kumi na moja jioni siku za kazi na saa nane mchana wikendi, kwa hivyo asubuhi yote ni yako, ingawa tunajuana, kuna wateja huwanga ndani saa nne na mlango umefungwa. Wasalimie, songa kando yao, pima.

Vifaa si vingi: futikamba ya mita 5 na ingine ya mita 30, timazi, pima maji, mpira mwembamba wa plastiki wa kuonyesha maji ndani kama mita 10 hivi, tochi, chaki, karatasi za A3 zimebanwa kwa ubao. Kipimo cha leza kinasaidia kwa dari lakini baa zimejaa vioo, na huo mwale ukigonga kioo unakuletea namba ya uongo na hutajua mpaka jioni. Na beba mtu wa kushika ziro, ile ncha ya mwanzo ya futikamba. Asiwe mteja wa hiyo baa.

Anza ng'ambo ya barabara, Jumapili asubuhi ikiwezekana kabla matatu hazijajaa, na uangalie juu. Chini kila mpangaji amebadilisha, bango juu ya bango, lakini huko juu hakuna mtu amepanda tangu mtaro wa mvua uzibe. Huko ndio utapata ukuta wa kichwani wenye mwaka umeandikwa kwa plasta, pambo la maua, madirisha ya chuma yenye vioo vidogovidogo. Huo mwaka uandike ila usiuamini sana, ni mwaka wa uso wa nyumba, nyuma inaweza kuwa ya zamani zaidi, watu walikuwa wakipata pesa wanajenga uso mpya wa mawe mbele ya banda la mabati. Na ukienda kutafuta karatasi za hiyo nyumba kumbuka barabara zilibadilishwa majina: Tom Mboya ilikuwa Victoria Street, Moi Avenue ni Government Road, Kenyatta Avenue ni Delamere, Biashara Street ni Bazaar. Mimi nilipoteza siku nzima kwa hiyo.

Sasa ingia. Kabla ya kupima chochote hesabu milango. Hapa ndipo watu huharakisha na hapa ndipo nyumba inaongea. Baa kama jengo tuliletewa na Waingereza, na kwao baa ya karne ya 19 haikuwa chumba kimoja, ilikuwa vyumba vitatu vinne vimezunguka kaunta moja, kila kimoja na mlango wake. Huku wafanyakazi wa mikono, mbao tupu chini, kule makarani na wenye duka, viti vya kitambaa na bei imepanda kidogo kwa bia ileile, na kando vijichumba vya watu wasiotaka kuonekana. Vioo vya dirisha vilikwanguliwa kwa asidi vikawa na ukungu mpaka juu ya kichwa ili mpita njia asione ndani, na kwa kaunta zingine waliweka vidirisha vidogo vya kioo vinavyozunguka, unafungua unaitisha, unafunga, aliyekuhudumia hajaona uso wako. Ile Crown Liquor Saloon ya Belfast, Ireland ya Kaskazini, bado ina vile vijichumba vyake vya mbao na milango na kengele za kuita mhudumu, iko mikononi mwa National Trust, shirika la Uingereza la kuhifadhi majengo ya zamani, tangu 1978. Watu wanadhani kinacholindwa kwa jengo kama hilo ni ukuta wa nje na vigae. Kinacholindwa ni huo mpango wa ndani pia, nani aliingilia wapi akakaa na nani.

Walipokuja huku walibeba huo mpango, ila kwao mpaka ulikuwa tabaka na huku ukawa rangi ya ngozi. Kenya Breweries ilianza kupika bia Ruaraka 1922, na hadi miaka ya 1940 Mwafrika hakuruhusiwa kununua bia ya chupa, yake ilikuwa ile pombe ya manispaa kule Pumwani. Kwa hivyo ukipima baa ya tao ya wakati huo unapima nyumba yenye mtu wetu alikuwa ndani yake kila siku, akiosha, akibeba, akipika, lakini hakuwa mteja. Lazima kuwe na njia yake. Itafute.

Kuna moja nilipima upande wa juu wa mji. Ukuta wa jikoni ulikuwa na kishimo cha mraba, sentimita 45 hivi kila upande, kimezibwa kwa mbao na kupakwa rangi mara sijui ngapi. Nikaandika "dirisha, limezibwa" nikasonga. Soja wa hapo, mzee wa kama miaka themanini, alikuwa amesimama nyuma yangu anasoma.

"Kijana, hiyo si dirisha."

"Ni nini mzee?"

"Hapo ndio nilikuwa napitishia glasi. Mimi naosha huku, mkono unachukua kule. Miaka sita nilikuwa najua watu kwa mikono."

Nikamuuliza alianza lini kuingia upande wa pili. Akacheka. "Uhuru ilipokuja. Na hata hiyo siku nilipiga hodi."

Basi tangu hapo kila tundu la ukutani nalipa mstari wake kwenye karatasi: upana, urefu, kimo chake kutoka sakafuni, bawaba ziko upande gani, na kama kuna alama za bawaba za zamani upande ule mwingine inamaanisha mlango uligeuzwa. Mlango uliozibwa haujifichi. Gonga ukuta na kifundo cha kidole, plasta itabadilisha sauti, kisha angalia chini, sakafu imelika mahali hakuna sababu ya kulika. Na kama kuna mzee hapo, mwonyeshe karatasi yako kabla ya kumaliza, si baada.

Haya, kupima kwenyewe. Chora plani kwa mkono kwanza, kubwa, chumba kimoja karatasi moja, haijalishi kama imepinda. Chagua kona moja iwe ziro, futikamba inalala ukutani hapo na haitolewi mpaka ufike mwisho, wewe unasoma tu ukipita: 610 dirisha linaanza, 1829 limeisha, 3048 mlango, 3962 mlango umeisha. Usipime dirisha peke yake halafu kipande cha ukuta peke yake halafu ujumlishe, kila kipimo kina kosa lake la milimita mbili tatu na ukijumlisha kumi umeshapotea.

Halafu pima mshazari, kona hadi kona, kila chumba, yote miwili. Chumba cha kuta nne ni kama fremu ya mbao iliyolegea misumari, unaweza kuisukuma ikalala upande na urefu wa mbao haujabadilika hata mmoja, ni mshazari tu unakwambia imelala kiasi gani. Hapa ndipo nilichoma. Baa yangu ya kwanza, huko chini karibu na River Road, nilipima kuta zote vizuri nikaenda nyumbani nikijiona injinia. Kuchora, ukuta wa mwisho ukakataa kufunga, umeachana na wa kwanza karibu futi nzima. Nikalaumu futikamba, nikamlaumu binamu yangu aliyeshika ziro (pole bro, najua unasoma hii), kumbe ploti yenyewe ilikatwa ikifuata mpindo wa barabara na hakuna kona hata moja ya mraba mle ndani. Nikakaa wiki mbili ndio nikarudi kuchukua mshazari. Nikapata mafundi wanne na wilbaro. Kaunta ilikuwa imeenda. Urefu wake nilikuwa nao, upana nilikuwa nao, kimo sikuwa nacho, nilikuwa nimesema hicho nitachukua mwisho.

Andika kwa milimita lakini fikiria kwa futi. Hizo namba nimetaja hapo juu zinaonekana za kiajabu mpaka uzigeuze: 610 ni futi 2, 1829 ni futi 6, 3048 ni futi 10, 3962 ni 13. Aliyejenga alikuwa na rula ya futi, basi nyumba nzima inakuja kwa futi na inchi kamili, na ukikutana na ukuta umekaa 4000 sawasawa huo karibu kila mara ni wa baadaye, wa baada ya sisi kuhamia mita. Unene upime penye mlango ama dirisha. 457 ni inchi 18 za mawe, huo unabeba nyumba, 150 pamoja na plasta ni wa kugawanya tu na pengine ulikuja juzi. (Na hatujahama sana kutoka inchi, fundi wa leo bado anaitisha mawe ya tisa kwa tisa na mbao ya mbili kwa nne.)

Vimo: sakafu ya baa usiiamini kabisa, imeoshwa miaka na miaka na mara nyingi inateremka kuelekea mlango wa nyuma. Jaza maji kwenye ule mpira, toa mapovu yote, mmoja ashike ncha hii na mwingine ile, maji yakitulia mnapiga alama ya chaki pande zote mbili, mnazunguka chumba hivyo mpaka mrudi mlipoanzia. Huo mstari ndio ziro yako ya kwenda juu na kwenda chini. Kwa ghorofa hesabu ngazi: vipandio 18 vya inchi 7 ni inchi 126, yaani futi 10 na nusu, 3200, halafu linganisha na ulichopata kwa timazi kupitia uwazi wa ngazi. Ukikuta upande mmoja wa nyumba umezama na nyufa zinapanda kama ngazi zikifuata viungo vya mawe, huo ni ule udongo mweusi wetu, unavimba wakati wa mvua ndefu na unasinyaa kiangazi, na nyumba inapanda na kushuka nao. Upana wa ufa pima juu na chini, andika na tarehe, kwa sababu ufa wa Februari si ufa wa Mei.

Kaunta ipe saa nzima, peke yake, na kwa kipimo kikubwa. Kimo chake kwanza (si nilishakwambia). Halafu ukingo wa juu, ule uliochongwa kwa mviringo: chukua waya laini wa kuchomelea, ukandamize kwa vidole ufuate umbo lote, uutoe polepole uulaze kwenye karatasi na upitishe penseli, umepata umbo halisi. Pima pia penye mbao imelika. Kwa ile moja ya upande wa juu wa mji mbao ilikuwa imezama kama milimita 6 mahali pawili tu, nyingine yote iko sawa, na ukisimama hapo unajua kwa nini, ni mahali pawili tu penye unaweza kuegemea kiwiko ukaona mlango bila kugeuka. Bomba la shaba la kuwekea miguu, rafu za nyuma, kioo, hata zile skrubu, zenye mfuo mmoja ni za zamani, zenye msalaba zilikuja baadaye. Na ile grili ya chuma mbele ya kaunta, yenye unapitishia pesa kwa kishimo, ichore. Najua kuna watu wa uhifadhi watakwambia hiyo ni uchafu wa juzi iondolewe. Mimi nasema hapana, hiyo pia ni Nairobi, kuna mwaka mwenye baa alichoka kuibiwa na akatoboa mbao nzuri ya watu kuweka chuma, na hayo matundu ya bolti yataulizwa siku moja.

Vifaa vya ujenzi usipite mbio. Panda kwa dari na tochi kama kuna kijimlango. Boriti ya chuma ikiwepo pangusa vumbi katikati yake, mara nyingi kuna maandishi yameinuka, nimekuta Dorman Long Middlesbrough, kiwanda cha Uingereza, ikimaanisha hicho chuma kilishuka Mombasa kwa meli na kikapanda na gari moshi. Vigae vyekundu vya udongo geuza kimoja kilicholegea, chini kuna muhuri wa kiwanda, vingi vilitoka Mangalore, India. Ule mchanganyiko unaoshika mawe kwaruza na ufunguo kidogo tu mahali pasipoonekana: ukimong'onyoka kama biskuti ni chokaa, ukikataa na kulia ni simiti. Andika ni wapi kuna nini, kwa sababu hiyo ndiyo itamsaidia fundi akija. Chokaa inaacha unyevu utoke, simiti inafunga, maji yanakosa njia yanapitia kwa jiwe lenyewe, na lile jiwe letu laini la kuchongeka linaanza kubambuka ngozi. Nimeona ukuta uliokaa miongo mingi bila shida ukioza kwa miaka mitano baada ya kuzibwa viungo na simiti, na mwenyewe bado anasema jiwe ndilo lilikuwa mbaya.

Chora safi jioni hiyohiyo kama unaweza, ukiwa bado unakumbuka, plani kwa moja kwa 50 (sentimita moja ya karatasi ni 50 za nyumba) na kaunta kwa moja kwa 10. Weka kaskazini, tarehe, jina la aliyepima na aliyeshika ziro. Penye hukufika andika "sikufika", usibuni. Mwenye nyumba mpelekee nakala yake ya karatasi kama ulivyoahidi, na usiache kitu chochote kwa simu peke yake, simu ya Nairobi ina miguu.

Imebaki choo, na najua ulikuwa unataka kukiruka. Liverpool kuna baa inaitwa Philharmonic Dining Rooms, ya 1898 hadi 1900, na mwaka wa 2020 ilipandishwa hadi daraja la kwanza la ulinzi, lile la juu kabisa, na moja ya vitu watu husafiri kwenda kuona pale ni choo cha wanaume, marumaru ya rangi ya waridi. Ya kwako haitakuwa marumaru. Lakini kwa baa zetu za zamani, huko nyuma ndiko vitu vilisahaulika: vigae vyeupe vya ukutani, bomba la madini ya risasi, lile tangi la chuma la juu lenye mnyororo. Vaa gumbuti. Tangi likiwepo kuna jina la kiwanda limeinuka kwa mbele chini ya rangi, panda ngazi, weka karatasi juu yake, pitisha penseli ikiwa imelala, na jina litatoka lenyewe.